Ufunguo msingi na indeksi: mwongozo kamili kwa anayehamisha daftari la mwani kwenye kompyuta

Fungua kaunta buku ya kikundi cha wakulima wa mwani Pemba, na usishangae kumkuta Fatma Juma ukurasa wa pili na Fatma Juma ukurasa wa tisa, na wa tisa si yule wa pili. Karani hapati tabu. Anajua kuwa mmoja anakaa nyuma ya msikiti na mwengine ameolewa mtaa wa pili. Siku daftari linapoingia kwenye kompyuta, ujuzi huo wa karani hauingii nalo, na kilo za huyu zikiandikwa kwa yule, ugomvi wake hausuluhishwi na programu.

Mwongozo huu unajenga kanzidata (database) ndogo ya mauzo ya mwani kutoka mwanzo. Ndani yake tutaona mambo mawili: namna ya kumpa kila mtu na kila mauzo utambulisho usiogongana, na namna ya kuifanya kanzidata ijibu upesi hata mistari ikifika laki tano. Nimetumia SQLite kwa sababu ni faili moja tu, haihitaji seva wala intaneti, na kompyuta mpakato ya zamani inaimudu. Tofauti na PostgreSQL na MySQL, kanzidata zinazoendeshwa kwenye seva, nitazitaja zinapofika.

Kwanza: nani ni nani

Ufunguo msingi, yaani praimari kii, ni safu, au mkusanyiko wa safu, ambayo thamani yake haijirudii katika jedwali na haiwi tupu. Wazo hilo limo tangu 1970, Edgar F. Codd wa IBM alipopendekeza data ziwekwe katika majedwali na kila mstari ujulikane kwa thamani zilizomo ndani yake, si kwa mahali ulipolala kwenye diski.

Sasa tafuta katika daftari kitu kinachofaa kuwa ufunguo. Jina limeshaanguka. Ukiongeza la baba na la babu, hali inapungua ubaya lakini haiponi, maana majina yetu ni yaleyale yanayozunguka. Isitoshe, mtu mmoja huandikwa namna tatu: leo Moh'd, kesho Mohamed, keshokutwa Mohammed, na wote ni yeye. Hamisi na Khamis vivyo hivyo.

Namba ya simu? Laini hupotea, na wapo akina mama wanaotumia simu ya mtoto wao, tena ndugu wawili simu moja. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ndicho kinachovutia wengi, na kweli namba yake haigongani. Lakini yuko aliyetoka Bara mwenye cha NIDA tu, yuko binti ambaye bado hajapata chake, na yuko karani anayekosea tarakimu moja siku ya kwanza na kuigundua mwaka wa pili. Ukishaifanya namba hiyo kuwa ufunguo msingi, kuisahihisha ni kuisahihisha kila mahali ilikonakiliwa.

Msimamo wangu ni huu: ufunguo usiwe na maana yoyote nje ya kanzidata. Uwe namba tu iliyotolewa na mashine, isiyosema shehia, wala mwaka wa kujiunga, wala jinsia. Kila taarifa unayoichomeka ndani ya namba itakuja kubadilika. Shehia hugawanywa, watu huhama. Kitambulisho kiweke pembeni kama safu ya kawaida, na uizuie isijirudie.

Pili: tengeneza majedwali

Fungua programu ya `sqlite3` kwa kuandika `sqlite3 mwani.db`, kisha:

```
PRAGMA foreign_keys = ON;

CREATE TABLE wakulima (
  id      INTEGER PRIMARY KEY AUTOINCREMENT,
  jina    TEXT NOT NULL,
  baba    TEXT NOT NULL,
  babu    TEXT,
  shehia  TEXT NOT NULL,
  zanid   TEXT UNIQUE,
  simu    TEXT
);

CREATE TABLE mauzo (
  id          INTEGER PRIMARY KEY AUTOINCREMENT,
  mkulima_id  INTEGER NOT NULL REFERENCES wakulima(id),
  aina        TEXT NOT NULL,
  tarehe      TEXT NOT NULL,
  gramu       INTEGER NOT NULL,
  bei_kilo    INTEGER NOT NULL
);
```

Mstari wa kwanza usiusahau. SQLite huacha ulinzi wa funguo za nje, yaani safu kama `mkulima_id` zinazoelekeza kwenye mstari wa jedwali jengine, umezimwa mpaka uuwashe, na unauwasha kila unapofungua faili upya. Bila huo, mauzo ya mkulima namba 9000 yataingia hata kama mkulima huyo hayupo duniani. Ukiuwasha, utaambiwa `FOREIGN KEY constraint failed`, na mambo yataishia hapo.

`AUTOINCREMENT` ina kazi moja ambayo wengi hawaijui. Bila hiyo SQLite bado itatoa namba zenyewe, lakini huchukua kubwa iliyopo na kuongeza moja. Ukimfuta mwanachama wa mwisho, tuseme namba 212, anayesajiliwa baada yake anapewa 212 hiyohiyo. Risiti za karatasi za yule wa kwanza bado zimo mikononi mwa watu. Kwa neno hilo moja, namba iliyotumika hairudi tena. Hata hivyo, mkulima aliyeacha kazi usimfute. Ongeza safu ya `hali` na uandike kuwa ameacha, mauzo yake ya zamani yabaki na mwenyewe.

Safu ya `zanid`, ya namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, imewekewa `UNIQUE` lakini haikulazimishwa kujazwa. Watu kumi wasio na kitambulisho wanaweza kuachwa tupu wote kumi bila kugongana, ila namba moja haitaandikwa mara mbili. Simu ni `TEXT` kwa sababu inaanza na sifuri, na sifuri ya mbele kwenye `INTEGER` hupotea. Uzito nimeuweka kwa gramu ili tusiingie kwenye desimali na mabishano ya nusu kilo.

Tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku: `2024-03-10`. Ukiiandika kama kwenye risiti, `10/03/2024`, kompyuta itaipanga kama maandishi, na tarehe 10 za miezi yote zitakaa pamoja kabla ya tarehe 11. Indeksi tutakayoijenga mbele haitakuwa na faida yoyote kwa tarehe za namna hiyo.

Na yule Moh'd ana mkasa wake. Alama iliyo katikati ya jina lake ndiyo hiyohiyo SQL, lugha ya kuiagiza kanzidata, inayofungia maandishi, kwa hiyo kwenye `sqlite3` utaiandika mara mbili, `'Moh''d'`. Kwenye programu yako usiunganishe maandishi kwa mkono hata kidogo. Tumia vigezo, yaani weka `?` na umwache dereva wa kanzidata ajaze. Watu wengi wa visiwa hivi wataikwamisha fomu yako usipofanya hivyo, na mtu mwenye nia mbaya atapitia mlango huohuo.

Vituo viwili, namba moja

Tuseme kikundi kina kituo Tumbe na kingine Kisiwa Panza, kaskazini na kusini kabisa. Kila kimoja kina kompyuta yake, mtandao ni wa kubahatisha, na mafaili huunganishwa mwisho wa mwezi. Vituo vyote viwili vina mauzo namba 57. Hapo ndipo mfumo mwingi mzuri unapovunjika.

Njia ziko tatu. Unaweza kufanya ufunguo wa safu mbili, `PRIMARY KEY (kituo, namba)`, ambapo T-57 na P-57 ni mauzo tofauti. Inafaa, ila kutoa namba inayofuata inakuwa kazi ya programu yako, na kwenye SQLite lazima safu zote mbili uziandikie `NOT NULL`, kwa sababu SQLite, kwa kosa la zamani lililoachwa makusudi, huruhusu utupu ndani ya ufunguo msingi usio wa `INTEGER PRIMARY KEY`. Njia ya pili ni UUID, namba ya biti 128 ambayo kila kompyuta huitengeneza bila kuuliza nyingine. Ukiichagua, tumia toleo la 7, lililowekwa rasmi 2024, ambalo huanza na wakati. La 4 ni la bahati nasibu tupu, na kila mstari mpya unaingizwa mahali tofauti kwenye mti wa indeksi badala ya mwishoni.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa vituo viwili au vitatu: gawa masafa. Tumbe waanze na 1, na kwenye faili la Kisiwa Panza andika mara moja kabla ya mauzo ya kwanza:

```
INSERT INTO sqlite_sequence (name, seq) VALUES ('mauzo', 1000000);
```

Mauzo yao ya kwanza yatakuwa 1000001. Jedwali la wakulima lifanyie hivyohivyo. Namba hizi karani anaweza kumsomea mwenziwe kwenye simu. Jaribu kumsomea mtu UUID ya herufi 36 kwenye simu yenye upepo wa pwani.

Tatu: indeksi inafanya nini hasa

Mkulima namba 57 anakuja kuuliza ameuza kiasi gani. Kwenye daftari, karani angepekua ukurasa baada ya ukurasa. Kanzidata isiyo na indeksi kwenye `mkulima_id` hufanya hivyo hasa: inasoma mistari yote ya mauzo, hata kama ya 57 ni thelathini tu.

Indeksi ni muundo wa pili, uliowekwa pembeni, wenye thamani za safu uliyoitaja zikiwa zimepangwa kwa mfuatano, na kila moja ina kielekezi cha mstari wake. Aghlabu muundo huo ni mti wa B, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight huko Boeing, mwaka uleule wa 1970. Nguvu yake iko kwenye kurasa. SQLite husoma faili kwa kurasa za baiti 4096. Kiingizo kimoja cha indeksi yetu, chenye namba ya mkulima, tarehe na kielekezi, kinachukua takriban baiti 20, kwa hiyo ukurasa mmoja unabeba kama 200. Ukurasa wa juu unaelekeza kwenye kurasa 200, na kila moja ya hizo kwenye nyengine 200. Ngazi mbili zinatosha viingizo 40,000, ngazi tatu zinafika 8,000,000. Kufikia mauzo yoyote kati ya milioni nane ni kusoma kurasa tatu za indeksi, na chache za mti wa jedwali lenyewe zikiwa juu yake.

Ufunguo msingi tayari una mti wake, hauhitaji kuuongezea. Kwenye SQLite, safu ya `INTEGER PRIMARY KEY` ndiyo namba ya mstari wenyewe, na jedwali zima limepangwa kwa hiyo. InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, nayo hupanga jedwali kwa ufunguo msingi, na kila indeksi nyengine hubeba nakala ya ufunguo huo, ndiyo maana ufunguo mrefu huko unanenepesha kila kitu. PostgreSQL huweka mistari bila mpango na kutengeneza indeksi ya ufunguo pembeni. `UNIQUE` nayo huja na indeksi yake bila kuombwa.

Kisichopata indeksi chenyewe, na hapa wengi hudanganyika, ni ufunguo wa nje. Kwenye SQLite na PostgreSQL, kuandika `REFERENCES` hakukupi indeksi kwenye `mkulima_id`. InnoDB ndiyo hukutengenezea.

Nne: jaza mistari ya majaribio

Kwenye mistari mia mbili kila kitu ni upesi, na hutajifunza kitu. Tengeneza faili la pembeni, tumia majedwali yaleyale, kisha:

```
WITH RECURSIVE n(i) AS
  (SELECT 1 UNION ALL SELECT i+1 FROM n WHERE i < 1200)
INSERT INTO wakulima (jina, baba, shehia)
SELECT 'Jaribio ' || i, 'Baba ' || i, 'Tumbe' FROM n;

WITH RECURSIVE n(i) AS
  (SELECT 1 UNION ALL SELECT i+1 FROM n WHERE i < 500000)
INSERT INTO mauzo (mkulima_id, aina, tarehe, gramu, bei_kilo)
SELECT abs(random() % 1200) + 1,
       CASE WHEN random() % 4 = 0 THEN 'kotonii' ELSE 'spinosamu' END,
       date('2020-01-01', '+' || abs(random() % 1800) || ' days'),
       5000 + abs(random() % 60000),
       1000
FROM n;
```

Bei hapo ni ya kujazia tu. Kotonii na spinosamu ni aina mbili za mwani; kotonii ina bei yake juu, na siku maji yanapopata moto inakufa ikiwa bado ndogo, lakini hiyo ni hadithi ya baharini. Andika `.timer on` ili uone muda wa kila swali.

Tano: iulize kanzidata inafanyaje

Usikisie. Tanguliza `EXPLAIN QUERY PLAN` kwenye swali lako:

```
EXPLAIN QUERY PLAN
SELECT tarehe, gramu, bei_kilo FROM mauzo
WHERE mkulima_id = 57 ORDER BY tarehe;
```

Jibu:

```
QUERY PLAN
|--SCAN mauzo
`--USE TEMP B-TREE FOR ORDER BY
```

`SCAN` ni kupekua jedwali lote. Mstari wa pili unasema kuwa baada ya kupekua imebidi ijenge mti wa muda ili ipange tarehe. Sasa tengeneza indeksi:

```
CREATE INDEX mauzo_mkulima_tarehe ON mauzo (mkulima_id, tarehe);
```

Uliza tena swali lilelile:

```
QUERY PLAN
`--SEARCH mauzo USING INDEX mauzo_mkulima_tarehe (mkulima_id=?)
```

`SCAN` imekuwa `SEARCH`, na ule mti wa muda umetoweka kabisa. Ndani ya indeksi, mauzo ya 57 yamekaa pamoja, na yenyewe kwa yenyewe yameshapangwa kwa tarehe, kwa hiyo hakuna cha kupanga tena. Kwa hatua hii moja umepata faida mara mbili, na hapa ndipo ninapowaambia watu wakae muda mrefu zaidi.

Mpangilio wa safu ndani ya indeksi ndio kila kitu. Indeksi ya `(mkulima_id, tarehe)` inajibu "mauzo ya 57" na "mauzo ya 57 mwezi wa tatu". Haijibu vizuri "mauzo yote ya tarehe 10 Machi", kwa sababu tarehe hiyo imetawanyika ndani ya wakulima wote 1200. Ukiwa umeendesha amri ya `ANALYZE`, inayokusanya takwimu za indeksi, SQLite inaweza kuamua kuruka kutoka mkulima hadi mkulima ikitafuta tarehe hiyo, lakini usijenge mfumo kwa kuitegemea. Kanuni ya kazi: safu unayoilinganisha kwa alama ya sawasawa itangulie, safu ya masafa au ya kupangia ifuate.

Wanunuzi wakitaka jumla ya siku, au ya kipindi kizima cha bamvua, hilo ni swali jengine na linastahili indeksi yake:

```
CREATE INDEX mauzo_tarehe ON mauzo (tarehe);
```

Indeksi ipo, mbona haitumiki?

Mara nyingi kosa liko kwenye swali. Hili hapa linapekua jedwali lote:

```
SELECT sum(gramu) FROM mauzo WHERE strftime('%Y', tarehe) = '2024';
```

Indeksi imepangwa kwa `tarehe`, haikupangwa kwa matokeo ya `strftime`. Ukishaifunika safu kwa kitendakazi, mpangilio umepotea. Andika masafa:

```
SELECT sum(gramu) FROM mauzo
WHERE tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01';
```

Kutafuta majina nako kuna mitego. `LIKE '%juma'` haiwezi kutumia indeksi ya kawaida, kwa sababu hujui neno linaanza na nini. `LIKE 'Fat%'` inaweza, ila kwenye SQLite `LIKE` haitofautishi herufi kubwa na ndogo, basi na indeksi lazima iwe hivyo:

```
CREATE INDEX wakulima_jina
  ON wakulima (jina COLLATE NOCASE, baba COLLATE NOCASE);
```

Nimeweka jina na baba pamoja kwa sababu ukitafuta Fatma peke yake utaletewa ukumbi mzima.

Na usiweke indeksi kwenye `aina`. Ina thamani mbili tu, na robo tatu ya mistari ni spinosamu. Kusoma indeksi kisha kurukia jedwali mara laki tatu na zaidi ni kazi kubwa kuliko kulipekua moja kwa moja.

Gharama yake

Kila mauzo mapya yanaandikwa kwenye jedwali na kwenye kila indeksi. Kwa mpangilio wetu ni miti mitatu kwa mauzo mamoja. Siku ya kupima, foleni ya magunia ikiwa nje, hakuna atakayehisi hilo. Utalihisi unapoingiza miaka yote ya kaunta buku kwa pamoja: ingiza kwanza, indeksi uzitengeneze baadaye. Na uingizaji wote uuweke kati ya `BEGIN;` na `COMMIT;`, la sivyo SQLite itahakikisha kila mstari mmoja mmoja umefika kwenye diski. Kuchelewa kwingi ambako watu hulaumu indeksi hutoka hapo.

Andika `.indexes mauzo` uone zilizopo. Indeksi ya `(mkulima_id)` peke yake, kama uliitengeneza mwanzo, sasa haina kazi, kwani ile ya safu mbili inaanza na safu hiyohiyo. Iondoe kwa `DROP INDEX`; data haiguswi.

Siku kikundi kitakapokuwa kikubwa na ukahamia PostgreSQL yenye makarani kadhaa kwa wakati mmoja, `CREATE INDEX` ya kawaida itawazuia wote kuandika mauzo mpaka imalize. Huko tumia `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, nje ya `BEGIN`, na ikikatika njiani huacha indeksi mbovu yenye jina lilelile: iondoe kwanza ndipo uanze tena.